Sura ya Nne: Utulivu wa Kuazima

Mtoto wa miaka minane hasemi ana msongo wa mawazo. Husema tumbo linamuuma. Husema hivyo alfajiri, mswaki mkononi, sare ya shule iko tayari kitandani, na ukimuuliza linauma wapi hugusa kitovu, mara mbavu, mara hajui. Jumamosi haliumi. Likizo ya Juni haliumi. Mzazi makini kwanza humpeleka zahanati apimwe malaria, minyoo na mkojo, kwa sababu tumbo la mtoto si la kubahatishia. Majibu yakirudi kwamba hana kitu, kuna jambo ambalo lazima lieleweke kabla hatujaendelea: mtoto huyu hadanganyi. Tumbo linauma kweli.

Mwili unapohisi hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo hukimbia, pumzi hupanda kifuani, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli ya miguu na mikono, na kazi ya kusaga chakula huwekwa kando. Hapo ndipo tumbo husokota. Baadaye kidogo hufuata homoni ya kotisoli, ambayo huuweka mwili macho kwa muda mrefu zaidi. Maandalizi haya humfaa sana mtoto aliyekutana na mbwa mkali njiani. Lakini mwili haupambanui sana kati ya mbwa na tebo ya saba. Mwalimu anayesimamisha wanafunzi mmoja mmoja kutaja tebo, konda anayewazuia watoto wa shule mlangoni mwa daladala, baba na mama wanaorushiana maneno usiku chumba cha pili, wote huziamsha tezi zilezile. Mtoto aliyepita katika hayo matatu kabla ya saa mbili asubuhi ameshachoka kabla kipindi cha kwanza hakijaanza.

Si kila mtoto huumwa tumbo. Yuko aliyeacha kukojoa kitandani muda mrefu uliopita akarudia. Yuko anayetafuna kucha mpaka damu itoke, anayelia nusu saa kwa sababu ya penseli iliyovunjika, anayempiga mdogo wake bila kisa, na yule anayesahaulika kuliko wote, aliyenyamaza tu. Mama amekwenda Oman kufanya kazi za ndani, yeye kaachwa kwa bibi, na kila mtu anamsifu kwa ukimya wake: mtoto mtulivu, hana usumbufu. Wengine hawa tunawabandika majina: anadeka, mkorofi, mvivu. Jina likishabandikwa, fimbo huwa haiko mbali, na fimbo huziamsha tena tezi zile tulizotaka zilale.

Sura hii ni ya mambo ambayo mzazi, bibi, dada wa nyumbani au mwalimu anaweza kuyafanya ndani ya siku ya kawaida ili mtoto ajifunze kuirudisha akili yake pale mwili wake ulipo. Hayahitaji mkeka maalumu, chumba kimya wala fedha. Yanamhitaji mtu mzima aliyetulia. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalolitetea hapa: mtoto hafundishwi utulivu mithili ya somo la jiografia. Huuazima kwa aliye karibu naye, akauazima tena na tena, hadi siku moja akawa na wa kwake.

Mtazame mtoto mchanga. Hakuna anayemwambia tulia akatulia. Hubebwa mgongoni, akafungwa kwa khanga, akasikia joto la mgongo na mapigo ya moyo, akayumbishwa taratibu, na pumzi yake ikashuka polepole kufuata ya aliyembeba. Akifika miaka tisa tunadhani hilo limekwisha, sasa anaelewa maneno. Anayaelewa, ndiyo. Lakini sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayozuia hasira, kupima jambo na kusubiri, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka ishirini. Mtoto anapopandwa na hofu, sehemu hiyo changa ndiyo inayozidiwa kwanza. Ukimpigia kelele wakati huo umezungumza na mtu ambaye hayupo. Ukipiga magoti, ukashusha sauti, ukavuta pumzi yako mwenyewe mbele yake, umempa kitu anachoweza kukishika.

Mazoezi ya kuzingatia pumzi na wakati uliopo yana historia ndefu katika dini za Asia. Yaliingia hospitalini kwa kishindo mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha programu kwa wagonjwa wenye maumivu sugu katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani. Wagonjwa walikaa, wakafuatilia pumzi, wakaukagua mwili kiungo kwa kiungo. Kutoka hapo mazoezi yakaenea magerezani, jeshini, maofisini, na hatimaye madarasani.

Na madarasani ndipo lilipotokea jambo ambalo kila mwenye kuandika kuhusu watoto na utulivu anapaswa kulisema wazi. Uingereza ilifanya jaribio kubwa, lililoitwa MYRIAD, katika shule 85, likihusisha zaidi ya wanafunzi 8,000 walioanza wakiwa na umri wa miaka 11 hadi 13 hivi. Nusu ya shule ziliweka vipindi vya mazoezi haya kwenye ratiba, nyingine ziliendelea na malezi ya kawaida ya shule. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022: vipindi havikuwapunguzia wanafunzi huzuni wala kuwaboreshea hali ya akili kuliko wenzao. Watafiti waliona pia kwamba wengi wa wanafunzi hawakufanya mazoezi nje ya darasa. Ila walimu waliofunzwa walipungukiwa na uchovu wa kazi, walau kwa muda.

Wako waliosoma matokeo hayo wakasema basi, mambo haya ni bure. Mimi nayasoma vingine. Kijana wa miaka 13 aliyewekwa kwenye dawati na kuambiwa sasa ni kipindi cha kutulia, baada ya hisabati na kabla ya mapumziko, amepewa somo jingine la kufaulu au kufeli. Hakuchagua, hakuliona likiishi nyumbani kwao, akaliacha mlangoni alipotoka. Aliyepata nafuu ya kwanza ni mtu mzima. Kwa anayeamini kwamba utulivu huazimwa, hilo halishangazi.

Wakati huohuo kuna ushahidi mwingine, mdogo kwa kipimo, ila wenye uzito kwa mzazi. Mwaka 2021 Jelena Obradović wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto 342 wadogo, wa umri wa miaka saba hivi, si maabara bali kwenye viwanja vya michezo, makumbusho ya watoto na kambi za mchana. Baadhi walionyeshwa video ya katuni ya dakika moja iliyowaongoza kuvuta pumzi chache za polepole. Wenzao walitazama video inayofanana na hiyo ila isiyowaongoza kupumua. Kwa waliopumua polepole, mapigo ya moyo yalishuka. Dakika moja, kelele za watoto wengine zikiendelea pembeni.

Sababu yake iko mwilini. Tunapovuta hewa ndani, moyo huongeza mwendo kidogo, tunapoitoa, hupunguza. Neva ndefu ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi kwenye moyo na tumbo, ndiyo inayofunga breki hiyo wakati wa kutoa pumzi. Kwa hiyo kinachotuliza zaidi ni kule kuitoa hewa polepole kwa muda mrefu. Tunawakosea watoto tunapowaamrisha wavute pumzi nyingi wakati wanalia. Wanajaza kifua, wanainua mabega, wanazidi kuhangaika. Mwambie atoe.

Na mtoto wa kwetu anajua kutoa pumzi ndefu kuliko tunavyodhani. Mpe uji wa moto kwenye kikombe umwone: anapuliza polepole, midomo imechongoka, macho kwenye utando wa juu, akiogopa usimwagike. Hilo ni zoezi kamili. Unachoongeza wewe ni kukaa naye, kupuliza chako, na kumwomba apulize taratibu kiasi kwamba uji utikisike bila kuruka. Siku ya kufua, mkatie bomba la jani la mpapai, achovye kwenye maji ya sabuni, atoe povu. Ukipuliza kwa pupa povu hupasuka. Ukipuliza kwa upole hukua mpaka likabeba rangi zote. Siku ambayo atakuja analia kwa hasira, uji wala mpapai hautakuwepo, ila utaweza kumwambia, njoo tupulize povu kubwa, naye atajua kifua chake kifanye nini. Zoezi linalojifunzwa siku ya furaha ndilo linalopatikana siku ya kilio. Anayesubiri mtoto achafukwe ndipo amfundishe kupumua amechelewa.

Kuna kazi za nyumbani zinazofanya kazi hii bila kutaja utulivu hata mara moja. Kuchambua mchele ni mojawapo, na ninaipenda kuliko zote. Ungo uko mapajani, punje zinasogezwa kwa kidole kidogo kidogo, jicho linatafuta kijiwe na mpunga uliobaki na ganda. Huwezi kuchambua mchele huku akili iko kwenye ugomvi wa jana shuleni, kijiwe kitakupita. Akili inaondoka, mkono unaendelea, kisha unashtuka kwamba umesogeza punje bila kuziona, unarudi. Kule kushtuka na kurudi ndiko kunakofanyiwa mazoezi. Mtoto asiadhibiwe kwa kijiwe kilichopita. Na aliyekaa mkabala, akichambua ungo wake, ndiye anayemfanya abaki. Mengi huzungumzwa hapo ambayo mtoto asingeyasema akiulizwa uso kwa uso. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, ulimi hulegea. Kumenya vitunguu saumu hufaa pia, kuchambua mchicha, kusuka ukili kwa wale wa Pwani na visiwani wanaoishi na bibi anayejua kusuka mikeka.

Kusukwa nywele ni hivyohivyo, kwa sharti moja: msukaji asiwe na haraka wala asitumie kichwa cha mtoto kumalizia hasira zake.

Michezo nayo. Mdako unamtaka mtoto arushe kete juu, achote kokoto shimoni kwa mkono uleule, aidake kete kabla haijaanguka. Jicho, mkono na pumzi vinakuwa mahali pamoja. Kombolela humfundisha kunyamaza nyuma ya ukuta na kusikiliza hatua za anayetafuta, moyo ukidunda kwa hofu ambayo anajua ni salama. Anaizoea hofu, anaona inavyopanda na inavyoshuka. Rede humtaka asome mpira unatoka mkono gani. Sisemi watoto wacheze ili wawe watulivu. Wacheze kwa sababu ni watoto. Lakini familia iliyojaza alasiri yote ya mtoto kwa tuisheni, hadi hakuna saa ya mdako wala kombolela, imemnyang'anya mazoezi ya bure kisha inatafuta dawa ya kulipia.

Usiku umeme ukikatika, vitendawili. Anayetega anasubiri, anayetegua anasikiliza kila neno, kisha wote wananyamaza wakifikiri. Ukimya huo wa kufikiri pamoja, gizani, hauna aibu ndani yake. Kukosea kunalipwa kwa kutoa mji tu. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtoto wetu anakosea mbele ya watu akacheka.

Njiani kwenda shule, kwa wale wanaotembea na mkubwa, kuna mchezo wa kusikiliza: kutoka kwenye mwembe ule hadi kwenye duka la Mangi hakuna kusema, kila mmoja akusanye sauti. Wakifika wanazitaja. Jogoo, pikipiki, mashine ya kusaga, redio ya fundi viatu, viatu vyangu mwenyewe. Mtoto aliyekuwa anaisogelea shule na mtihani wa hisabati kichwani amepewa dakika chache za kuwa barabarani tu.

Na nyumba zenye ibada hazihitaji kutafuta mbali. Mtoto anayetawadha bila kukimbizwa, akihisi maji yanavyopita kwenye vidole na kwenye kiwiko, au anayekaa kimya kanisani kabla ya ibada kuanza, tayari ana mlango wa kuingilia. Mara nyingi sisi ndio tunaoufunga kwa kumharakisha.

Sasa tahadhari, na hapa naomba msomaji asiruke.

Usimlazimishe mtoto kufumba macho. Kwa aliyewahi kupigwa vibaya, kuingiliwa kimwili au kukimbia vita, kufumba macho katikati ya watu kunaweza kuleta picha zilezile anazozikimbia. Macho yabaki wazi, yatazame jambo moja: jani, jiwe, maji ndani ya bilauri. Akisema hataki, usimbane.

Na pumzi isitumike kumnyamazisha mwenye haki ya kulia. Mtoto anayeogopa shule kwa sababu wakubwa wanamnyang'anya hela ya chakula kila siku hahitaji kupuliza povu, anahitaji mzazi aende shuleni. Mwenye njaa anahitaji kula. Anayeshikwashikwa na ndugu wa nyumbani anahitaji kuaminiwa, na kuondolewa hatarini leo hii. Tanzania, Kenya na Uganda, namba ya simu 116 ni ya kumsaidia mtoto, na kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Dalili zikidumu wiki baada ya wiki, mtoto hachezi tena, hali, halali, au anasema afadhali asingekuwepo, hilo ni la kupelekwa hospitali bila kusubiri aombewe kwanza wala aache kudeka.

Fimbo nayo lazima itajwe. Kenya iliifuta shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zinairuhusu, kwa masharti ambayo wengi wetu tuliosoma huko tunajua yanavyovunjwa. Najua walimu wanavyobanwa: darasa lina watoto kupita kiasi, mshahara mdogo, mkuu anataka ufaulu. Lakini mwalimu anayeanza siku kwa kuchapa waliochelewa hawezi kuwafundisha watoto haohao kutulia saa nne. Upo uthibitisho kwamba mwalimu anaweza kubadilika. Mabula Nkuba na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio lililofanywa katika shule za sekondari za serikali nchini Tanzania: walimu waliopewa mafunzo ya siku chache ya namna ya kuhusiana na wanafunzi walipunguza kuwapiga na kuwatukana, na walionena hivyo si walimu tu, wanafunzi pia.

Kuhusu mzazi mwenyewe, mfano unaonigusa zaidi unatoka kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda. Wanawake wa Sudan Kusini wapatao 700, wengi wao wakiwa wamepita katika mambo yasiyosimulika, walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Kundi moja lilikaa chini pamoja, likasikiliza kinasa sauti kikiwaongoza kurudisha akili kwenye miguu iliyokanyaga ardhi, kwenye pumzi, kwenye sauti zilizowazunguka, likijifunza kuyaona mawazo mazito yanapofika bila kuburutwa nayo. Miezi mitatu baadaye walikuwa na dhiki ya moyo pungufu kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida. Watafiti hawakuwapima watoto wao. Lakini siwezi kuwasoma wanawake hao bila kuwaza usiku wa hema lao, na nani alikuwa amelala ubavuni.

Kwa hiyo anza na wewe. Ukitoka kazini, umesimama kwenye foleni ya mwendokasi, umefika na jua lote mwilini, usiingie ukauliza daftari liko wapi. Simama mlangoni. Vua viatu taratibu, sikia sakafu ilivyo baridi, toa pumzi ndefu mara tatu. Nawa uso. Hayo hayamalizi hata dakika mbili, na mtoto aliyekuwa anasikiliza hatua zako ili ajue leo ni siku gani atazisikia tofauti.

Wiki ya mtihani wa darasa la saba, mwezi Septemba, ndiyo nyumba nyingi hujaribiwa. Masomo sita katika siku mbili, baada ya miaka saba ya kuambiwa kwamba maisha yako yote yanategemea hapo. Si kweli, na mtoto anastahili kuambiwa na mzazi wake kwa mdomo wake mwenyewe kwamba si kweli. Usiku wa kuamkia mtihani vitabu vifungwe mapema. Usingizi ndio unaokiweka kichwani alichosoma. Asubuhi ale anachokula siku zote, uji upulizwe taratibu hata kama saa inakimbia. Mfundishe siku kadhaa kabla jambo moja la kufanya akiwa kwenye dawati: miguu yote miwili sakafuni, mikono juu ya meza ahisi ubao, atoe pumzi ndefu, ndipo ageuze karatasi. Akikutana na swali asilolijua na tumbo likasokota, arudi miguuni kwanza. Msimamizi hataona chochote.

Akirudi siku ya kwanza, usimuulize swali la kumi na mbili alijibu nini. Bado ana siku ya pili. Mpe chakula, acheze rede na wenzake, alale. Akitaka kuzungumzia mtihani, ataanza mwenyewe.